Ameanguka kutoka juu kiasi gani? Swali moja halitoshi

Majeruhi wa kuanguka anapofikishwa idara ya dharura, swali la kwanza kwa waliomleta huwa ni urefu. Ameanguka kutoka wapi, mita ngapi, ghorofa ya ngapi? Ni swali la haki. Shida ni kwamba mara nyingi maulizo huishia hapo, na jibu hilo moja ndilo linaloamua kama mgonjwa atapelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha mahututi au atakaa kwenye benchi asubiri zamu. Kijana aliyedondoka kutoka kwenye paa anazungukwa na watu sita. Bibi wa miaka 78 aliyeteleza msalani anawekwa pembeni, kwa kuwa "ameanguka tu". Bibi huyo anaweza kufa usiku huohuo akiwa bado kwenye benchi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kati ya majeraha yasiyo ya kukusudia, ni ajali za barabarani pekee zinazoua kuliko kuanguka. Na wanaokufa kwa wingi zaidi ni watu waliovuka miaka 60, ambao wengi wao hawakupanda popote.

Kwa hiyo, pamoja na urefu, kuna maswali matatu ambayo lazima yaulizwe na yaandikwe: alisimamishwa na nini, ni mtu wa namna gani, na alianguka saa ngapi.

Alisimamishwa na nini

Mwili unaoanguka mita 3 hugonga chini kwa kasi ya karibu kilomita 28 kwa saa. Ukianguka mita 6 kasi hufika karibu kilomita 39, na mita 10 kilomita 50. Lakini kasi yenyewe haivunji mfupa. Kinachovunja ni kusimama ghafla. Chukua urefu aliouanguka, ugawanye kwa umbali ambao mwili ulizama au kubonyea hadi ukasimama: jibu ni takriban mara ngapi nguvu ya kishindo ilizidi uzito wake. Aliyeanguka mita 3 juu ya saruji na kusimama ndani ya sentimita 5 amepigwa kwa nguvu ya mara 60 ya uzito wake. Urefu uleule juu ya udongo uliolimwa au kichaka kilichobonyea sentimita 30 ni mara 10. Ndiyo maana mmoja huinuka akachechemea na mwingine hainuki, na wote wawili wametoka kwenye ngazi ileile.

Uliza pia ni sehemu gani ya mwili iliyotangulia kufika chini, kwa sababu kila namna ya kutua ina majeraha yake. Anayetua kwa miguu huvunjika kisigino, kisha nguvu hupanda: kifundo, sehemu ya juu ya muundi chini ya goti, nyonga, fupanyonga, halafu pingili za uti wa mgongo pale kifua kinapokutana na kiuno, hasa pingili ya mwisho ya kifua na ya kwanza ya kiuno. Takriban mmoja kati ya kumi waliovunjika kisigino kwa kuanguka amevunjika pia uti wa mgongo wa chini. Huyu analalamika kisigino kwa sababu ndicho kinachomuuma kuliko vyote, na asiposhikwa mgongo akiwa amelala, anapewa plasta ya mguu na kurudishwa nyumbani na pingili iliyopasuka. Kisigino kilichovunjika kwa kuanguka kinadai picha ya mgongo, hata kama mgonjwa anasema mgongo hauumi. Na mguu wa pili nao upimwe, maana kwa kawaida alitua kwa yote miwili.

Anayetua kwa ubavu huvunja mbavu, na mbavu za chini zimeficha ini upande wa kulia na bandama upande wa kushoto. Anayetua kwa mgongo au makalio hupata majeraha ya figo na damu inayojikusanya nyuma ya tumbo, mahali ambapo mkono wa daktari hauifikii. Anayetua kwa mikono kabla ya kichwa huvunja vifundo vya mikono, na watu wengi huishia kuvitazama hivyo tu. Kwa walioanguka kutoka juu sana kuna jingine: moyo na tao la mshipa mkuu wa damu huendelea kushuka wakati kifua kimeshasimama, na mshipa huo huchanika pale uliposhikizwa kwenye uti wa mgongo, chini kidogo ya tawi linalokwenda mkono wa kushoto. Wengi hufia palepale. Wachache wanaofika hospitali hufika kwa sababu utando wa nje wa mshipa bado unashikilia, na picha ya kifua ikionyesha kivuli kipana katikati, kipimo cha CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) cha kifua hakisubiri asubuhi.

Kuhusu urefu wenyewe, mwongozo wa kitaifa wa Marekani wa kuchuja majeruhi kwa miaka mingi ulihesabu kuwa hatari kwa mtu mzima kuanzia mita 6. Ulipopitiwa upya mwaka 2021, kiwango kilishushwa hadi zaidi ya mita 3 kwa umri wowote, na ukaongezwa mstari unaohusu kuanguka kwa chini kwa watoto wa hadi miaka 5 na wazee wa miaka 65 na zaidi waliogonga kichwa kwa nguvu. Kwa shingo, kanuni ya Kanada ya mwaka 2001 ni kali zaidi: mita 1 au vidato 5 vya ngazi vinatosha kuitwa kuanguka kwa hatari, na miaka 65 peke yake inatosha kudai picha.

Pale alipoangukia

Kosa la kwanza na la kawaida kuliko yote ni kumwinua. Watu wenye huruma humkalisha, wakampa maji, wakamsimamisha "damu itembee", kisha wakamkunja kwenye kiti cha nyuma cha gari. Pingili iliyovunjika lakini bado haijabana uti inaweza kuubana katika hatua hizo hizo. Fupanyonga lililoanza kuganda damu hufunguka upya.

Kwanza tazama juu na pembeni: waya wa umeme, jukwaa linaloning'inia, matofali yaliyobaki ukingoni. Kisha tafuta damu inayotiririka nje na uikandamize kwa kitambaa na kiganja, bila kuachia kila dakika ili kuchungulia. Kama ni mkono au mguu na haisimami, funga kizuia damu, yaani mkanda wa kubana, juu ya jeraha, kaza hadi damu ikome, andika saa. Aliyechomwa na nondo au kijiti asichomolewe. Kifungwe pembeni kisicheze, kikatwe kikiwa ndani ikibidi.

Mtu mmoja apige magoti kichwani na kukishika kwa mikono miwili, kikae sawa na kiwiliwili. Asiye na fahamu na anayekoroma, koo lake limezibwa na ulimi: sukuma pembe za taya kwenda mbele bila kupinda shingo. Hilo likishindikana, hewa ni muhimu kuliko shingo. Anayetapika ageuzwe mzima mzima, kichwa, mabega na nyonga kwa pamoja, kwa amri ya aliyeshika kichwa. Watu wanne wanatosha. Mfunike. Baridi ya mwili huzuia damu kuganda, na hili ni kweli hata mahali pa joto, kwa sababu mtu aliyelala kwenye saruji nguo zikiwa zimelowa damu hupoa upesi kuliko wanavyodhani waliosimama pembeni yake.

Aliyening'inia kwenye mkanda wa usalama baada ya kuanguka ashushwe haraka na alazwe chali. Ule ushauri wa zamani wa kumkalisha kwanza kwa nusu saa hauna msingi, na umechelewesha matibabu ya watu waliohitaji kulazwa.

Damu isiyoonekana

Mtu mzima ana takriban lita 5 za damu. Anaweza kupoteza mililita 750 bila presha kubadilika hata kidogo. Hadi lita moja na nusu, presha ya juu (ile namba ya kwanza ya kipimo) ya kijana mwenye afya bado inaweza kusoma kawaida, huku mapigo yakipanda, ngozi ikipauka na kupoa, naye akianza kuhangaika na kuomba maji. Presha ikishaporomoka, karibu theluthi ya damu yake imekwisha kutoka. Kusubiri presha ishuke ndipo uanze kushughulika ni kusubiri hadi umechelewa. Njia rahisi isiyohitaji mashine ni kugawanya mapigo ya moyo kwa presha ya juu: ikifika 0.9 au 1, mchukulie kuwa anavuja damu hadi uthibitishe vinginevyo. Mapigo 110 kwa presha ya 105 yanasomeka kama namba za kawaida kwa muuguzi aliyechoka. Zigawanye na zinapiga kelele.

Kama damu haiko sakafuni, iko sehemu nne tu: kifuani, tumboni, kwenye fupanyonga na nyuma ya tumbo, au mapajani. Mfupa mmoja wa paja hunywa lita 1 hadi 1.5. Upande mmoja wa kifua unaweza kubeba zaidi ya lita 1.5. Fupanyonga linaweza kuchukua karibu damu yote aliyonayo mtu. Eksirei ya kifua, eksirei ya fupanyonga na ultrasaundi ya tumbo na moyo, zote zikifanywa kitandani ndani ya dakika chache, hujibu karibu swali lote. Mgonjwa ambaye presha yake inashuka hasukumwi kwenda kwenye kipimo cha CT kabla damu haijadhibitiwa. Ultrasaundi ikionyesha maji tumboni na presha haishiki, njia ni ya chumba cha upasuaji.

Mkanda wa fupanyonga hufungwa kwa kukosea mara nyingi mno. Huwekwa juu, kwenye mifupa ya kiuno pale mkanda wa suruali unapokaa, na hapo haubani kitu. Unaweza hata kufungua zaidi. Mahali pake ni usawa wa vichwa vya nje vya mapaja, yale matuta mawili unayoyashika pembeni ukishusha mikono. Shuka iliyokunjwa na kukazwa hapo, magoti yakifungwa pamoja na vidole vya miguu vikielekezana, hufanya kazi ileile. Na fupanyonga halitingishwi "kuona kama limevunjika". Kila mtingisho hung'oa damu iliyoanza kuganda.

Dripu za maji ya chumvi lita baada ya lita ni mazoea yanayokufa polepole. Maji hayabebi oksijeni, huzimua viganda damu (vitu vinavyoigandisha damu) na humpoza mgonjwa. Kwa asiye na jeraha la kichwa, toa mililita 250 kwa mara moja hadi upate mpigo kwenye kifundo cha mkono, yaani presha ya juu ya 80 hadi 90, huku ukiitafuta damu na mpasuaji. Damu ikipatikana, itolewe pamoja na plazma na chembe sahani kwa uwiano unaokaribiana, na kalsiamu isisahaulike, kwa kuwa dawa inayozuia damu ya chupa isigande huifunga kalsiamu ya mgonjwa.

Asidi ya traneksamiki ni dawa ya kawaida, na utafiti wa CRASH-2 wa mwaka 2010, wenye wagonjwa 20,211, ulionyesha inapunguza vifo vya kuvuja damu. Kipimo ni gramu 1 kwa dakika 10 kwenye mshipa, kisha gramu 1 kwa saa 8. Lakini ni ndani ya saa 3 tangu kuumia, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyosaidia. Baada ya saa 3, kwa anayevuja damu, ilionekana kuongeza vifo. Hapa ndipo swali la saa ngapi linapogeuka kuwa swali la dawa. "Alianguka asubuhi" hakumsaidii mtu. Ilikuwa kabla ya chai au baada? Mvua ilikuwa imekatika? Mpigie simu aliyemwona wa kwanza.

Kuna mgonjwa mmoja wa kutatanisha: presha imeshuka lakini mapigo ni ya polepole, 55 au 60, na ngozi ni ya joto. Uti wa mgongo wa juu umekatika mawasiliano na mishipa ya damu imelegea. Huyu huhitaji dawa ya kubana mishipa kuliko maji mengi. Hata hivyo aliyeanguka mita 8 anaweza kuwa na mambo yote mawili, na la kuvuja damu ndilo huondolewa shaka kwanza.

Kichwa

Ubongo uliogongwa hufa mara mbili. Mara ya kwanza ni ule mshindo, na hapo hakuna wa kuuzuia. Mara ya pili ni katika saa zinazofuata, kwa kukosa hewa na damu. Kwa mwenye jeraha kubwa la kichwa, presha kushuka chini ya 90 hata mara moja huenda sambamba na vifo karibu mara mbili. Kwa hiyo ile ruhusa ya kuacha presha chini haimhusu. Kwake presha ya juu isiwe chini ya 110 akiwa na miaka 15 hadi 49 au zaidi ya 70, na isiwe chini ya 100 kati ya 50 na 69. Oksijeni kwenye damu isishuke chini ya asilimia 90. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30. Kama mgongo haujathibitishwa kuwa salama, kitanda chote kiinamishwe. Kola ya shingo iliyokazwa sana hubana mishipa inayorudisha damu kutoka kichwani, na hilo husahaulika.

Kipimo cha Glasgow cha kiwango cha fahamu, kilichotolewa mwaka 1974, kina alama 3 hadi 15: macho 4, usemi 5, mwendo 6. Andika kila sehemu peke yake. "Glasgow 11" haisemi kitu kwa mwenzako wa zamu ya usiku. "Macho 3, usemi 3, mwendo 5" inasema. Chini ya 9, njia ya hewa inahitaji kulindwa kwa mpira wa kupumulia. Na namba moja si habari. Habari ni mwelekeo wake: kila nusu saa hadi afike 15, kisha kila nusu saa kwa saa 2, kila saa kwa saa 4, halafu kila saa 2. Hii ndiyo kazi inayookoa watu bila gharama, na ndiyo ya kwanza kuachwa wodi ikijaa.

Damu kati ya fuvu na utando mgumu, mara nyingi kutokana na mshipa uliopita chini ya mfupa wa panja, humpa mgonjwa muda wa kuzungumza, hata kuomba aende nyumbani, kisha akasinzia. Mboni moja ikipanuka, presha ikapanda na mapigo yakapungua, ubongo unasukumwa kwenye tundu lake la chini. Hapo manitoli, dawa ya kushusha shinikizo ndani ya fuvu, kati ya gramu 0.25 na 1 kwa kilo, au maji ya chumvi kali, hununua dakika za kumfikisha kwa mpasuaji. Manitoli hukojoza na kushusha presha, kwa hiyo kwa anayevuja damu chumvi kali ni salama zaidi. Dawa za jamii ya steroidi hazina nafasi hapa. Utafiti mkubwa wa CRASH wa mwaka 2004, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha zinaongeza vifo. Bado kuna anayezitoa.

Na pombe. Harufu ya pombe imeua watu wengi hospitalini, kwa sababu humpa kila mtu maelezo rahisi ya kwa nini mgonjwa hajibu. Mlevi aliyeanguka ana jeraha la kichwa hadi ithibitike hana. Pima sukari kwa kidole, hiyo ni dakika moja, kisha endelea kama vile hakunywa chochote.

Aliyeanguka kutoka kwa kimo chake mwenyewe

Ubongo wa mzee umesinyaa, na mishipa midogo inayovuka kutoka kwenye ubongo hadi utando mgumu imevutika kama uzi uliokazwa. Mtikisiko mdogo unaikata. Nafasi iliyopo ndani ya fuvu hupokea damu kwa muda bila dalili, ndiyo maana anaongea vizuri saa mbili za kwanza. Akiwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kila saa ina uzito wake. Dawa zake zote zitajwe kwa majina, pakiti ziletwe. Kwa warfarini, vitamini K miligramu 10 kwenye mshipa ianze, lakini huchukua saa kadhaa kufanya kazi. Inayofanya kazi sasa hivi ni mkusanyiko wa viganda damu, au plazma pale ambapo huo haupo.

Presha yake nayo hudanganya. Aliyezoea 170 akiwa na 115 tayari yuko pabaya, na kwa waliovuka miaka 65 presha chini ya 110 ihesabiwe kuwa ya hatari. Mapigo hayapandi kwa sababu anakunywa dawa zinazoyashusha. Shingo huvunjika juu kabisa, kwenye jino la pingili ya pili, kwa kuanguka kifudifudi tu na kupiga paji la uso. Chubuko la kidevu au paji kwa mzee ni sababu ya kupiga picha ya shingo.

Mbavu ni nimonia inayosubiri. Mzee mwenye mbavu tatu zilizovunjika anayepewa parasetamoli na kurudishwa nyumbani hapumui kwa kina kwa sababu kunauma, makohozi hayatoki, na siku ya nne anarudi na homa. Maumivu yake yazuiwe kikamilifu, ikiwezekana kwa sindano ya ganzi ya neva, na asilale chali siku nzima. Mguu uliofupika na kugeukia nje ni nyonga iliyovunjika. Lakini nyonga iliyovunjika na kujibana humruhusu mtu kutembea hatua chache, na eksirei ya kwanza wakati mwingine haionyeshi. Anayeshindwa kukanyaga baada ya kuanguka hajapona kwa sababu picha ni safi, apigwe CT. Upasuaji ndani ya siku moja na nusu hadi mbili hupunguza vifo, na kila siku ya kusubiri ina bei: vidonda vya kulalia, damu kuganda miguuni, kuchanganyikiwa. Hata kwa matibabu mazuri, kati ya mmoja kwa watano na mmoja kwa watatu hawamalizi mwaka.

Halafu kuna muda aliolala sakafuni kabla ya kupatikana. Misuli iliyobanwa kwa saa nyingi huoza na kumwaga sumu kwenye damu. Mkojo huwa rangi ya chai nzito, potasiamu hupanda, figo huziba. Aliyekutwa asubuhi akiwa ameanguka usiku apimwe moyo kwa mashine ya umeme, apewe mpira wa mkojo, na maji ya mshipani ya kutosha kutoa mkojo wa mililita 200 hadi 300 kwa saa, kwa uangalifu kama moyo wake ni dhaifu. Na atafutiwe sababu ya kuanguka: sukari, mapigo yaliyopotea, presha inayoshuka anaposimama, kiharusi kilichomwangusha.

Kwa mtoto nitasema kwa ufupi. Chini ya miaka 2, kuanguka zaidi ya sentimita 90 ni kwa hatari. Kuanzia miaka 2, zaidi ya mita 1.5. Uvimbe laini kichwani mahali popote isipokuwa paji la uso, kwa mtoto mchanga, ni dalili nzito kuliko kilio chake. Mama akisema "hayuko sawa", liandikwe kama kipimo. Mbavu za mtoto hupinda bila kuvunjika, hivyo pafu huweza kuchubuka chini ya mbavu nzima, na presha yake hushikilia hadi dakika za mwisho kisha ikaanguka kwa mkupuo. Kiwango cha chini cha presha ya juu, kuanzia mwaka 1 hadi 10, ni 70 jumlisha umri mara mbili.

Wanaopona saa ya kwanza

Kuna alama za kukadiria nani atapona. Ile ya uzito wa majeraha hujumlisha vipeo vya pili vya alama za majeraha matatu makubwa kutoka sehemu tatu tofauti za mwili, na zaidi ya 15 huitwa majeraha makubwa. Alama ya Kampala hutumia umri, idadi ya majeraha makubwa, presha, pumzi na hali ya fahamu, vitu ambavyo mtu hupima bila mashine ya maelfu. Zinasaidia kupanga na kulinganisha. Hazifai kumhukumu mgonjwa mmoja kitandani.

Kinachoua baadaye ni kile kilichopitwa. Ndani ya saa 24, mgonjwa akiwa ameamka, apimwe upya kutoka utosini hadi kwenye vidole, na mtu mwingine kuliko wa kwanza. Hapo hupatikana kifundo cha mkono, mfupa mdogo wa unyayo, pingili ya tatu. Mguu uliovunjika unaozidi kuuma baada ya dawa, hasa vidole vikinyooshwa, una misuli inayosongwa ndani ya mfuko wake. Mpigo wa unyayo unaweza kuwepo kabisa. Plasta ipasuliwe yote hadi kwenye ngozi, na kama maumivu hayajapungua mpasuaji aufungue mfuko huo kabla ya saa 6.

Na wapo wanaorudi baada ya wiki tatu. Mzee anasahau majina, anaburuta mguu, kichwa kinauma asubuhi, na familia inasema ni uzee. Damu iliyovuja taratibu chini ya utando imekuwa majimaji meusi yanayosukuma ubongo. Matundu madogo kwenye fuvu huitoa, na wengi hurudia hali yao ya awali. Ila daktari hawezi kuifikiria kama hakuna anayekumbuka alianguka lini. Kwa hiyo kwenye karatasi ya kuruhusiwa, chini ya orodha ya dawa, iandikwe tarehe na saa ya kuanguka kwa herufi kubwa, na anayemchukua mgonjwa asomewe hapohapo: akisinzia kupita kawaida, akitapika, akidhoofu upande mmoja au akibadilika tabia wakati wowote ndani ya miezi miwili, arudi na karatasi hii mkononi.